Shajara ya Tangi la Lita 240: Kuchagua Kichujio na Vijazo Vyake

Tarehe 4 Januari

Fundi vioo ameleta tangi leo asubuhi, na limekaa sebuleni juu ya meza ya mninga iliyotengenezwa kwa ajili yake. Urefu wake ni sentimita 120, upana 40 na kimo 50, kwa hiyo kwa hesabu ya vipimo hivyo linabeba lita 240. Lakini nikiondoa nafasi ya mawe na ile ya juu isiyojazwa, maji yatakayokuwamo hayatazidi lita 200. Nimekusudia kufuga Neolamprologus brichardi, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, ambao hulea vizazi vyao kwa pamoja, wakubwa wakiwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Naishi Dar es Salaam, mbali na Kigoma, na maji ninayopata bombani ni mengine kabisa na yale ya ziwani. Nimeamua kutonunua samaki hata mmoja mpaka kichujio kiwe kimekamilika na kimethibitika. Shajara hii naiandika ili kila uamuzi uwe na sababu yake kwenye karatasi.

Tarehe 9 Januari

Kabla ya kwenda dukani nimejilazimisha kuandika kichujio kinafanya kazi gani, kwa maana wengi wetu tukisikia neno kuchuja tunafikiria chai na kichungi chake, kwamba takataka zinabaki juu na maji safi yanapita. Kazi hiyo ipo, lakini kwa samaki ni ya pili. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Sumu hii haionekani wala haichujwi na kitambaa. Kinachoiondoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye kila sehemu yenye maji na hewa: kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi, na tunaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kundi la pili ni Nitrobacter, hadi Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha mwaka 1998 kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na Nitrospira.

Mambo mawili katika kemia hii yananihusu mimi moja kwa moja. La kwanza ni pH, kipimo cha asidi na alikali ya maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na samaki wake wanataka maji ya alikali. Lakini kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lake lenye sumu kali. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 inafika takribani asilimia 5. pH ikiwa 9 inapita asilimia 30. Kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa mito yenye maji ya asidi angekivumilia kingewaua hawa wangu.

La pili ni hewa. Kugeuza gramu moja ya naitrojeni iliyo katika amonia hadi iwe nitrati kunahitaji takribani gramu 4.6 za oksijeni. Maji ya nyuzi 28, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya sebule yangu, hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, ilhali maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9. Bakteria wangu watagombania na samaki hewa iliyo haba tangu mwanzo. Nimepigia mstari sentensi hii, kwa sababu nahisi ndiyo itakayoamua mradi.

Tarehe 13 Januari

Nimezunguka maduka ya Kariakoo kutwa nzima. Vichujio vilivyopo ni vya namna nne. Kipo cha ndani, kidogo, chenye pampu na kipande kimoja cha sponji, ambacho kwa tangi langu hakitoshi. Kipo cha kuning'inia nyuma ya kioo, kizuri na rahisi kusafisha, ila nafasi yake ya kuweka vijazo ni kama ya kikombe kikubwa. Kipo cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, ambacho ni cha bei ndogo kuliko vyote. Na kipo cha mkebe, kinachokaa chini ya meza kikiwa kimefungwa kabisa, mabomba mawili yakipeleka na kurudisha maji, ndani kikiwa na trei nne za kujaza utakacho.

Muuzaji aliniambia, "Kaka, chukua huu mkebe, wenyewe wanaofuga kweli wanatumia huu." Nilivutwa na trei zile nne, nikanunua uliotumika, hali yake ikiwa nzuri. Kwenye boksi imeandikwa lita 1,000 kwa saa. Nilipoufunga nyumbani, huku trei zikiwa zimejaa, nikauelekeza kwenye ndoo ya lita 10 nikiwa na saa mkononi: ndoo ilijaa kwa sekunde 60, yaani lita 600 kwa saa. Si udanganyifu. Kipimo cha boksi huchukuliwa pampu ikiwa haipandishi maji na haina kitu cha kuizuia. Anayenunua kichujio na apunguze angalau theluthi moja ya namba iliyoandikwa kabla ya kufanya hesabu zake.

Tarehe 20 Januari

Vijazo. Nakiita hivyo kila kinachowekwa ndani ya kichujio ili maji yapite katikati yake. Juma zima nimekuwa nikivipima, kuvifinya na kuvisoma, na naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Sponji ndiyo ya kwanza kwa thamani machoni pangu. Inashika takataka na inakaa bakteria kwa wakati mmoja, na inaoshwa mara nyingi bila kuharibika. Uzuri wake unategemea matundu: sponji ya matundu madogo inasafisha maji yakang'aa lakini inaziba baada ya siku chache, na ikiziba maji hayapiti, na maji yasipopita hewa haifiki. Sponji ya matundu makubwa, yanayoonekana kwa macho, inavumilia. Nilijaribu kipande cha sponji ya godoro nilichopewa na fundi makochi. Nilikibana mdomoni nikajaribu kupuliza hewa ipite, haikupita kabisa. Vipovu vya sponji ile vimefungwa kila kimoja peke yake, na maji yangepita pembeni badala ya katikati. Sponji ya kichujio ukiipuliza, hewa unaisikia upande wa pili kwenye kiganja. Kipimo hiki hakina gharama na nakipendekeza kwa kila mtu.

Vipete vya kauri vinauzwa ghali kwa maelezo kwamba kipande kimoja kina matundu madogo mno yenye eneo la mita nyingi za mraba. Nimekivunja kimoja kwa nyundo, na ni kweli ndani kina matundu. Lakini bakteria hawaishi mahali oksijeni isikofika, na baada ya miezi michache utando wao wenyewe unaziba milango ya vitundu hivyo. Eneo linalohesabika ni lile linaloguswa na maji yanayotembea. Kwa hiyo sioni sababu ya kulipia kauri wakati shemeji yangu wa Arusha anaweza kunitumia kwa basi gunia dogo la mawe mekundu ya volkano, mepesi na yenye vinyweleo kila upande. Yamefika jana. Nimeyachagua yenye ukubwa wa sentimita 2 hadi 3, nikayaosha mara saba mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, kisha nikadondoshea siki juu ya machache. Hayakutoa povu, maana yake hayana chokaa na hayatabadilisha maji bila mimi kutaka.

Povu nililitaka kwingine. Vipande vya mawe ya matumbawe ya kale, yale ya chokaa yanayochimbwa kwenye machimbo ya pwani yetu, vilichemka vilipoguswa na siki. Hivi vitayeyuka polepole na kuyapa maji ugumu na alikali. Havitaifikisha pH kwenye 9, kwa sababu karibu na 8 kuyeyuka kwake hupungua sana, lakini samaki waliozaliwa matangini wanaishi vizuri kwenye 8.2. Tena vina kazi nyingine isiyosemwa sana: bakteria wanapogeuza amonia hula alikali ya maji, takribani gramu 7 kwa kila gramu moja ya naitrojeni ikipimwa kama kalsiamu kaboneti, na maji yakiishiwa alikali pH huporomoka ghafla na bakteria husimama. Chokaa ndani ya kichujio inarudisha kinachotumika.

Madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo nimeyaweka kwenye orodha kama kijazo cha kukamata takataka kubwa, mradi yawe hayana sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Pamba nyeupe ya kujazia mito itakaa mwishoni kwa maji yakihitaji kung'aa, na itatupwa ikichafuka.

Mkaa maalumu wa kuchujia sikuuchukua. Ni mzuri wa kuondoa dawa baada ya tiba, rangi na harufu, lakini hauondoi amonia na baada ya wiki chache huwa umejaa. Mkaa wa jikoni si mbadala wake, kwa kuwa haukufanyiwa kazi ya kufunguliwa vinyweleo na majivu yake hubadilisha maji. Zeolaiti, aina ya madini, inaondoa amonia kwa kweli, lakini inawanyima bakteria chakula wakati ambapo tunataka waongezeke. Nimenunua gramu chache nimeziweka kabatini kwa siku ya dharura.

Leo mkebe umejazwa: sponji chini, kisha mawe ya volkano trei mbili, kisha matumbawe na pamba. Maji ya bomba yalikaa siku mbili kwenye tangi la akiba huku yakipigwa hewa, na bado nimeweka dawa ya kuondoa klorini, kwani klorini iwekwayo kuua vijidudu vya maradhi haitawachagua wangu. Kisha nimetumbukiza kamba mmoja mbichi kutoka soko la samaki la Feri ndani ya soksi ya nailoni, aoze na kutoa amonia. Kuanzisha bakteria kumeanza.

Tarehe 27 Februari

Vipimo kwa ufupi. Amonia ilifika miligramu 4 kwa lita siku ya saba, nikamtoa kamba. Nitriti ilionekana siku ya kumi na moja, ikapanda mpaka rangi ya kipimo ikawa zambarau nisiyoweza kuitofautisha na ya juu kabisa. Ilikaa hapo wiki mbili nzima. Leo, siku ya thelathini na nane, amonia ni sifuri, nitriti ni sifuri, na nitrati imefika 40. Ninaendelea kuwalisha bakteria kwa chakula cha samaki kidogo kila siku ili wasife njaa wakati nikitafuta mfugaji wa kuniuzia samaki.

Tarehe 12 Machi

Jana umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, ukarudi leo saa tatu asubuhi. Ni saa kumi na tano. Nilikuwa nimesoma kwamba mkebe uliofungwa ukisimama ni hatari, nikawahi kuchomoa waya usiku ili umeme ukirudi usiwake wenyewe. Asubuhi niliupeleka uani na kuufungua.

Harufu ilikuwa ya yai viza. Nilipoinua trei ya kwanza ya mawe, mawe yangu mekundu yalikuwa na utando mweusi upande wa chini, na maji yaliyokuwa yamebaki ndani yalikuwa ya kijivu yenye vipande vinavyoelea kama utandu wa wali. Katika boksi lile lililofungwa bakteria walimaliza hewa yote kwa saa chache, wakaanza kufa, na wale wasiohitaji hewa wakachukua nafasi na kutengeneza gesi ile ya sumu. Kama pampu ingejiwasha, maji hayo yote yangemiminwa ndani ya tangi.

Nilimwaga maji, nikasuuza vijazo kwa maji ya tangi na kurudisha. Nyongeza ya siku zilizofuata: niliweka chakula kilekile cha kila siku na kupima. Amonia ambayo awali ilikuwa ikiisha ndani ya siku moja ilichukua siku nne, na nitriti ikarudi hadi 0.5. Nashukuru kwa dhati kwamba sikuwa na samaki.

Kosa halikuwa la mkebe peke yake, kwa kuwa kwenye nyumba ambayo umeme haukatiki kifaa hiki kingefanya kazi miaka kumi. Kosa lilikuwa langu la kuchagua kwa kuangalia ukubwa wa trei bila kuuliza: pampu ikisimama, vijazo hivi vitapumua wapi?

Tarehe 24 Machi

Jibu nimelipata katika namna ya kichujio ambayo sikuiona dukani, mnara wa matone. Pampu inapandisha maji hadi juu ya mnara, nayo yanadondoka yakipita katikati ya vijazo ambavyo havijazama, bali vimelowa tu na kuzungukwa na hewa. Umeme ukikatika, maji yanashuka yote tangini na vijazo vinabaki na unyevu vikiwa hewani. Bakteria hawakosi oksijeni hata kidogo. Kitakachowadhuru ni kukauka, na hilo huchukua muda mrefu zaidi.

Nimetengeneza wa ndoo tatu za lita 10 zilizopangana, zikikaa juu ya rafu pembeni mwa tangi, kila ndoo ikiwa imetobolewa kitako kwa keekee, matundu arobaini ya milimita 5. Ndoo ya juu ina madodoki na pamba, ya katikati imejaa mawe ya volkano, ya chini ina mawe hayo nusu na matumbawe nusu. Chini kabisa kuna beseni lenye bomba pana linalorudisha maji tangini. Ndoo ya juu nimeitoboa tundu kubwa sentimita 4 chini ya ukingo na kulifunga kwa bomba liendalo tangini, ili pamba ikiziba maji yapite huko badala ya kumwagika sebuleni. Nimelijaribu kwa kuziba kwa makusudi kwa mfuko wa plastiki: maji yalipanda, yakafika tunduni, yakarudi tangini, na hata tone halikuanguka sakafuni.

Pampu imeandikwa lita 1,500 kwa saa. Kwa kimo cha mita 1.1 ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 48, yaani lita 750, karibu mara nne ya maji ya tangi kila saa. Inatosha. Mdomo wa pampu nimeuvalisha sponji ya matundu makubwa. Mke wangu alilalamikia sauti ya matone, na alikuwa na haki. Kuliinamisha bomba la kurudishia ili maji yateleze kwenye kioo kumeipunguza sana. Faida nisiyoitarajia ni kwamba maji yamepoa kwa nyuzi moja na nusu kwa sababu ya mvuke, ingawa sasa naongeza lita 3 hivi kila siku.

Kwenye kona ya pili nimeweka kichujio cha sponji chenye pampu ya hewa ya kuchaji, ambayo hujiwasha kwa betri umeme ukikatika. Hicho kitawapa hewa samaki wenyewe.

Tarehe 6 Aprili

Umeme umekatika tena, safari hii kwa saa kumi na moja. Nilifungua ndoo ya katikati kabla haujarudi. Mawe yalikuwa yamelowa, yakinuka kama udongo baada ya mvua. Pampu ilipowaka niliweka chakula cha kawaida na kupima kwa siku tatu mfululizo. Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku zote tatu.

Tarehe 20 Aprili

Samaki sita wameingia, wote wadogo, kutoka kwa mfugaji anayezalisha mwenyewe. pH ni 8.2, joto nyuzi 26.5.

Tarehe 1 Juni

Leo nimeosha sponji ya kona. Niliiminya ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, na maji yakawa ya kahawia nzito kama kahawa ya wazee wa barazani. Niliiminya mara tatu tu nikaiacha na uchafu wake kidogo, kwa kuwa ule utelezi unaobaki vidoleni ndio wenyeji wenyewe. Sponji ya mdomo wa pampu nitaiosha wiki ijayo na mawe sitayagusa kabla ya mwaka kwisha. Vijazo viwili visioshwe siku moja. Pamba imetupwa na kuwekwa mpya. Nitrati ni 25, na nimebadilisha lita 50 za maji.

Tarehe 14 Juni

Niliinama kuangalia kama sponji ya pampu imeanza kuziba, nikaona juu yake vitu kama vipande vya uzi vinavyotembea. Ni vifaranga, nimehesabu kumi na tisa, kila kimoja hakifiki urefu wa punje ya mchele, vikidonoa utando wa sponji huku maji yakivutwa ndani kupitia matundu wasiyoweza kupenya. Mzazi mmoja alisimama mbele ya kioo na kunitazama mpaka nikarudi nyuma. Uoshaji wa sponji hiyo nimeuahirisha hadi Julai, na kwa sasa nitapima mtiririko kwa ndoo kila Jumapili. Ukishuka chini ya lita 600 kwa saa nitapunguza pamba ya juu kwanza.